Hati ya kukamatwa: namna ya kuisoma na la kufanya mahakama ikiitoa

Mtu akisikia kwamba mahakama imetoa hati akamatwe, kwa kawaida huzima simu na kwenda kujificha kwa ndugu mkoani, au humtafuta "mtu anayejuana na watu" ampelekee chochote ili jambo liishe. Njia zote mbili humwongezea mzigo. Hati ya kukamatwa si hukumu, na haisemi kwamba mtu ana hatia. Ni amri ya hakimu au jaji kwamba fulani aletwe mbele ya mahakama. Anayelielewa hilo mapema hujipeleka mwenyewe, na wengi wanaojipeleka hurudi kulala nyumbani kwao.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Utaratibu wake uko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Mahakama za mwanzo zina kanuni zao ndani ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, ila hatua za mwananchi zinafanana sana. Zanzibar ina mahakama zake na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Na. 7 ya mwaka 2018, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba apate ushauri wa huko huko.

1. Jua kwanza ni karatasi gani

Mitaani kila karatasi yenye muhuri huitwa "hati", na hapo ndipo watu hutishwa bure au hupuuza jambo kubwa.

RB ni namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha kituo cha polisi. Jirani akisema "nimekukatia RB", maana yake amekwenda kituoni kulalamika na malalamiko yakaandikwa. Hakuna hakimu aliyeyaona. RB haimpi jirani huyo ruhusa ya kuja na vijana wake kukufunga kamba. Lakini usijidanganye upande wa pili: sheria inamruhusu askari kukamata bila hati yoyote ya mahakama kwa makosa mengi, akiwa na sababu za msingi za kukushuku. Kumwambia askari "huna hati, sitoki" mara nyingi hakukusaidii, na kunaweza kukuzalishia kosa jipya la kuzuia ukamataji.

Wito wa mahakama, ambao wengi huuita samansi, unakutaka ufike mwenyewe siku na saa fulani. Hakuna anayekuja kukuchukua. Ila ukiupuuza baada ya kuupokea, hakimu ana haki ya kutoa hati ya kukamatwa siku hiyo hiyo.

Hati ya upekuzi inaruhusu kupekua mahali. Haisemi ukamatwe, ingawa kinachokutwa humo kinaweza kuleta hilo.

Hati ya kukamatwa yenyewe lazima iwe ya maandishi, iwe na sahihi ya hakimu au jaji aliyeitoa na muhuri wa mahakama. Maneno ya mdomo kwamba "hakimu amesema ukamatwe", yakiletwa na mtu asiye na karatasi wala kitambulisho, si hati. Kadhalika simu ya mtu usiyemjua anayesema ameshika hati yako na anataka umtumie pesa aichane. Hati haifutwi kwa muamala wa simu. Pale mahakama inapoagiza fedha zilipwe, iwe faini au fedha ya dhamana, hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, ile watu wanayoiita kontroo namba, na stakabadhi hutolewa.

2. Isome yote, mbele na nyuma

Ukionyeshwa hati, tafuta jina la mahakama iliyoitoa, namba ya shauri, jina lako au maelezo ya kukutambulisha, kosa au jambo unaloitiwa kwa kifupi, na nani ameamriwa kukukamata. Kwa kawaida anayeamriwa ni polisi, wote au wa eneo fulani. Mahakama inaweza pia kumwandikia mtu mwingine kama hati inatakiwa kutekelezwa mara moja na hakuna askari aliye karibu. Hati iliyoandikiwa askari mmoja inaweza kutekelezwa na mwenzake ambaye jina lake limeongezwa juu yake na yule wa kwanza.

Namba ya shauri ndiyo muhimu kuliko yote. Iandike, au mwambie ndugu aliye karibu aiandike. Bila hiyo familia huzunguka kutoka mahakama moja hadi nyingine ikiulizia jalada ambalo hakuna anayelijua.

Kisha geuza nyuma. Sheria inamruhusu hakimu kuandika kwenye hati kwamba mkamatwaji akisaini dhamana na kuleta wadhamini wa kutosha, aachiwe na afike mwenyewe mahakamani siku iliyotajwa. Maandishi hayo hutaja idadi ya wadhamini, kiasi cha fedha watakachodaiwa mkamatwaji asipofika, na tarehe ya kufika. Kama yapo, askari anatakiwa kuyafuata. Watu wamelala rumande wakati ruhusa ya kuwatoa ilikuwa nyuma ya karatasi ile ile iliyowaingiza, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Kuna imani mbili potofu kuhusu karatasi hii. Ya kwanza ni kwamba hati huisha muda. Haiishi. Inabaki hai mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute. Aliyekimbia Mwanza akakaa Mtwara miaka mitano bado anaweza kukamatwa kwa hati ile ile, maana hati hutekelezwa popote Tanzania Bara. Ya pili ni kwamba jina likikosewa herufi, hati imekufa. Kasoro ya namna hiyo kwenye hati haiharibu kesi inayofuata. Kama kosa la karatasi limekupotosha kweli kweli, mahakama inaweza kuahirisha shauri ili ujipange, na kama mtu anayetafutwa ni mwingine kabisa, hilo ni jambo kubwa la kumweleza hakimu ukiwa na kitambulisho chako cha NIDA mkononi. Lakini "Juma" kuandikwa "Jumaa" hakutakuokoa.

3. Elewa kwa nini imetolewa

Sababu ndiyo itakayokuonyesha cha kubeba ukienda mahakamani. Wakati mwingine polisi au mlalamikaji amepeleka maelezo ya kiapo kwa hakimu kabla ya kesi kufunguliwa, na hakimu ameridhika kwamba kuna sababu za msingi za kukushuku. Wakati mwingine ulipelekewa samansi hukufika. Shahidi naye hukamatwa kwa hati akipuuza wito, na wengi hushangaa, maana hudhani kutoa ushahidi ni hiari.

Chanzo cha kawaida zaidi, hata hivyo, ni tarehe iliyokosewa. Mshtakiwa yuko nje kwa dhamana, kesi imeahirishwa na kuahirishwa, siku moja anaugua, anafiwa, au anasikia "tarehe kumi na sita" badala ya "kumi na saba". Anaitwa mara tatu mlangoni, hayupo, mdhamini wake hayupo, mwendesha mashtaka anaomba hati na hakimu anaitoa. Mtu huyu hana nia mbaya hata kidogo. Anachokosea ni kinachofuata: akisikia, anaogopa kurudi, na kila wiki anayokaa nje inamfanya aonekane ameruka dhamana kwa makusudi.

4. Wakija na hati

Waulize majina yao, vituo vyao na sababu. Anayetekeleza hati anatakiwa kukueleza kilichomo, na ukimtaka akuonyeshe hati, lazima akuonyeshe. Omba kwa sauti ya kawaida: "Afande, naomba kuiona hati." Hiyo ni haki yako, na ukiitumia kwa heshima haigeuki ugomvi.

Usikimbie wala usisukumane. Sheria inamruhusu mkamataji kutumia nguvu inayohitajika tu, na inakataza mtu kufungwa kuliko inavyohitajika kumzuia asitoroke. Ukitulia, hana sababu ya kukutendea zaidi ya hapo, na akifanya hivyo utakuwa na la kusema mbele ya hakimu. Kama wanaamini uko ndani ya nyumba, mwenye nyumba anatakiwa kuwafungulia, na akikataa wanaweza kuvunja mlango. Mwanamke akipekuliwa mwilini, apekuliwe na mwanamke, kwa staha.

Kabla hujaondoka, mwambie mtu wa nyumbani mambo matatu: unapelekwa kituo gani, namba ya shauri, na nani apigiwe simu. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Wakikuhoji kuhusu tuhuma, muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4 tangu ulipowekwa chini ya ulinzi, na mkuu wa upelelezi huo anaweza kuuongeza kwa saa zisizozidi 8. Saa za safari hazihesabiwi. Usisaini maelezo ambayo hujasomewa au hukuyaelewa.

Aliyekamatwa kwa hati lazima apelekwe mahakamani bila kucheleweshwa pasipo sababu. Kwa aliyekamatwa bila hati, kosa likiwa si la adhabu ya kifo, sheria inataja saa 24. Zikipita kimya, ndugu zako wamwone mkuu wa kituo, waulize kwa adabu lakini wasiondoke bila jibu, kisha waende mahakamani na namba ile ya shauri.

5. Ukipata habari kabla hujakamatwa

Hapa ndipo mtu anaweza kujiokoa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nenda, au tuma ndugu unayemwamini, kwenye masijala ya mahakama iliyotajwa. Karani akipewa namba ya shauri na majina ataangalia jalada. Uliza mambo haya: je, kuna amri ya kukamatwa? Ilitolewa tarehe gani? Kwa sababu gani? Kesi inatajwa lini tena na kwa hakimu yupi? Kuuliza hakulipiwi. Huna namba ya shauri? Jina, mwaka na jina la mlalamikaji mara nyingi hutosha kuanzia.

Kusanya ushahidi wa kilichokuzuia. Ulilazwa: beba karatasi za hospitali zenye tarehe za kuingia na kutoka. Ulifiwa: kibali cha mazishi, au barua ya mtendaji au mwenyekiti wa mtaa inayotaja siku ya msiba. Ulikuwa mahabusu kwa kesi nyingine: namba ya kesi hiyo. Ulikosea tarehe: sema hivyo, na beba karatasi uliyoandika tarehe hiyo kama ipo. Usinunue cheti cha daktari. Hakimu anayeona vyeti kila wiki anavijua vya kununua, na ukigundulika, utakuwa umeharibu kitu pekee kilichokuwa kinakulinda, yaani kuaminika kwako.

Mtafute mdhamini wako umwambie mnakwenda pamoja. Kama amechoka nawe, tafuta mwingine kabla ya siku hiyo, awe na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au ya mwajiri. Kufika bila mdhamini ni kumwachia hakimu njia moja tu.

Nendeni asubuhi, siku ya kazi, kabla mahakama haijakaa. Siyo Ijumaa alasiri, kwa sababu jambo lolote likikwama siku hiyo utasubiri mahabusu hadi Jumatatu. Jitambulishe kwa karani wa hakimu husika: "Mimi ni mshtakiwa wa shauri namba fulani. Nimesikia kuna hati dhidi yangu, nimekuja mwenyewe." Kama una wakili, yeye aseme. Mahakama nyingi zitakuweka chini ya ulinzi kwa muda hadi jalada liitwe. Usishtuke, ni utaratibu.

Ukiitwa mbele ya hakimu, eleza kwa ufupi na kwa mpangilio: tarehe uliyokosa, kilichotokea, lini ulijua kuna hati, na ulichofanya baada ya kujua. Onyesha karatasi. Omba radhi kwa mahakama, kisha omba mambo mawili kwa kuyataja: hati ifutwe, na dhamana yako iendelee. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuhangaika na maneno ya kigeni. Usimlaumu mlalamikaji wala usianze kujitetea kwenye kesi yenyewe. Siku hiyo swali ni moja tu: kwa nini hukufika?

Hakimu anaweza kufuta hati na kukuonya. Anaweza kufuta na kuongeza masharti ya dhamana. Anaweza pia kuifuta dhamana ukabaki mahabusu kesi ikiendelea, hasa kama si mara ya kwanza. Siwezi kukuahidi lipi litatokea, ila aliyekuja mwenyewe na aliyeletwa na pingu hawasikilizwi kwa sikio moja.

Hati ikifutwa, kazi haijaisha. Polisi bado wana karatasi yao. Omba nakala ya amri ya kuifuta, ipeleke kituo kilichokabidhiwa hati, na ubaki na nakala nyingine kwenye pochi. Vinginevyo unaweza kukamatwa mwezi ujao kwa hati isiyokuwapo.

Ukiendelea kukaa nje, mahakama inaweza kusikiliza kesi bila wewe na hata kukutia hatiani. Mlango haufungwi kabisa: hatia hiyo inaweza kutenguliwa ukiiridhisha mahakama kwamba ulikosa kufika kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako na kwamba ulikuwa na utetezi wenye mashiko. Ni masharti mawili, na yote lazima yatimie.

6. Kama wewe ni mdhamini

Mdhamini hatumikii adhabu ya mshtakiwa kama watu wanavyotishana, lakini alisaini kiasi cha fedha. Mshtakiwa akitoweka, mahakama humwita mdhamini aeleze kwa nini asilipe kiasi hicho, na maelezo yasipotosha ataamriwa kulipa. Ukiitwa, fika, na uonyeshe ulivyomtafuta.

Ukiona mtu uliyemdhamini anauza vyombo na kuulizia nauli ya kuvuka mpaka, usingoje. Mdhamini anaweza wakati wowote kuiomba mahakama imwondolee dhamana. Mahakama itatoa hati mshtakiwa aletwe, na akifika wewe unafunguliwa, yeye anatakiwa kupata mdhamini mwingine au akae mahabusu. Ni jambo gumu kumfanyia ndugu, najua. Ila shamba utakalouza kulipa fungu hilo ni la watoto wako.

7. Hati kwa sababu ya deni

Kesi ya madai ni njia tofauti. Mtu hawezi kukamatwa kwa kudaiwa tu. Kwa kawaida lazima kwanza kuwe na hukumu ya mahakama, mshindi aombe kukaza hukumu, yaani itekelezwe, kwa njia ya kumweka mdaiwa gerezani kama mfungwa wa madai, na kwa kawaida mdaiwa huitwa kwanza ajieleze kwa nini asipelekwe huko. Wito huo wa kujieleza ndio nafasi yako. Nenda na uthibitisho wa kipato, wategemezi na madeni mengine, na pendekezo la kulipa kidogo kidogo ambalo unaweza kulitimiza kweli.

Kwa hati ya namna hii nyumba haiingiwi baada ya jua kuzama wala kabla halijachomoza. Ukilipa deni na gharama za ukamataji kwa afisa aliyekuja, anatakiwa kukuachia hapo hapo, na usimpe hata shilingi bila stakabadhi. Chakula chako ukiwa ndani hulipiwa na yule anayekudai, ndiyo maana wadai wengi hukubali makubaliano mapema. Kifungo hiki hakizidi miezi 6, na ukitoka hukamatwi tena kwa hukumu ile. Deni lenyewe halifutiki: mali zako bado zinaweza kukamatwa.

8. Kama wewe ndiye uliyelalamika

Hati imetolewa lakini mshtakiwa bado anatembea mtaani. Hakikisha kwa karani kwamba hati imeandikwa, imesainiwa na imetoka mahakamani, maana nyingine hubaki ndani ya jalada. Kisha uliza imepelekwa kituo gani, nenda huko, upate jina la askari aliyekabidhiwa. Mpe taarifa zinazomsaidia: anapolala, anapofanyia kazi, saa anazopatikana. Usimkamate mwenyewe na usikodi watu.

Ukiombwa pesa ya mafuta ya gari ili hati itekelezwe, hilo si deni lako. Mweleze mkuu wa kituo, na tarehe ya kesi ikifika mweleze hakimu kwamba hati iko kituo fulani tangu siku fulani na haijatekelezwa. TAKUKURU hupokea taarifa za rushwa bure kwa simu namba 113. Na kama huna uwezo wa wakili, iwe wewe ni mlalamikaji, mshtakiwa au mdhamini, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwa walio karibu. Ukienda kwao, beba karatasi zote, hata zile unazodhani hazina maana.